Kamera ya droni kwa kazi ya mizigo: mambo ya kuangalia kabla ya kununua

Kontena la futi 40 limeingia yadi likiwa na tundu juu ya paa. Mvua imepita humo na magunia ya kahawa ya juu yameloa. Mwenye yadi anarusha droni yake, anapiga picha safi ya yadi nzima na kuituma kwa kampuni ya bima. Jibu linarudi kesho yake: tundu tumeliona, lakini hilo ni kontena namba ngapi? Anaikuza picha kwenye kompyuta, na namba iliyoandikwa juu ya paa inageuka madoa meupe.

Wafanyabiashara na wasafirishaji wengi wananunua ndege hizi ndogo zisizo na rubani kwa kuangalia mambo mawili: bei, na idadi ya megapikseli iliyoandikwa kwenye boksi. Baadaye wanagundua kuwa kamera waliyolipia inafaa harusi na haifai shehena. Makala haya yanaeleza jinsi ya kuchagua kamera ya droni kwa kazi za yadi, maghala, malori na marundo ya mzigo, na pia karatasi zinazotakiwa pale droni yenyewe inapovuka mpaka.

Anza na kitu kidogo unachotaka kukisoma

Kabla ya kuingia dukani jiulize: kitu kidogo kuliko vyote ninachotaka kukiona kwenye picha kina ukubwa gani, na nitakipiga kutoka kimo gani? Majibu hayo mawili yatakuchagulia kamera kuliko maneno ya muuzaji.

Tuchukue namba ya kontena. Kiwango cha kimataifa cha ISO 6346 kinataka herufi na tarakimu za namba hiyo ziwe na kimo kisichopungua milimita 100, yaani sentimeta 10. Ili jicho la mtu lisome herufi bila kubahatisha, hasa rangi ikiwa imechubuka na paa lina vumbi, herufi hiyo inahitaji kupata kama pikseli 15 kwenda juu ndani ya picha. Chini ya 10 utaanza kuchanganya 8 na 3, au B na 8. Chini ya 6 husomi kitu.

Sasa hesabu. Droni nyingi za kawaida zina lenzi pana inayoandikwa milimita 24. Lenzi hiyo ikitazama chini moja kwa moja, picha inafunika upana wa ardhi wa karibu mara 1.44 ya kimo cha droni. Kwa hiyo ukiwa mita 50 juu, unaona upana wa mita 72. Kamera ya megapikseli 12 ina pikseli kama 4,000 kwa upana. Gawanya, kila pikseli moja inabeba karibu sentimeta 1.8 za ardhi. Herufi yako ya sentimeta 10 inapata pikseli 5 na ushei. Hapo ndipo mwenye yadi wetu alipokwama.

Kamera ya megapikseli 20 yenye pikseli 5,280 kwa upana, kwa kimo kilekile, inakupa pikseli 7 tu. Ni nafuu, lakini haitoshi. Ukitaka zile 15, ya megapikseli 12 itabidi ishuke hadi mita 18 hivi, na ya megapikseli 20 hadi mita 24. Kwa yadi ambayo makontena yamepangwa matano kwenda juu, mita 18 kutoka chini ni mita 5 tu kutoka paa la kontena la juu kabisa. Hapo umekaribia mno, na kuna kreni na nyaya.

Ndiyo maana ushauri wetu kwa watu wa yadi ni kutafuta lenzi ya pili kabla ya kutafuta megapikseli zaidi. Droni yenye lenzi ndefu ya milimita 70 pamoja na ile pana, kama DJI Air 3 iliyotoka Julai 2023, inakuwezesha kukaa mita 50 juu na kusoma namba vizuri kwa megapikseli 12 zilezile, kwa sababu lenzi hiyo inatazama eneo la upana wa mita 25 badala ya 72. Unapiga picha moja ya yadi nzima kwa lenzi pana, kisha unahamia lenzi ndefu na kupiga kontena moja moja. Kazi inakwenda haraka na droni inabaki mbali na vyuma.

Jihadhari na kukuza kwa programu. Muuzaji anaposema inavuta mara 4, uliza kama ni lenzi yenyewe au ni kompyuta inayokata katikati ya picha na kuitanua. Ya pili haiongezi hata pikseli moja ya kweli.

Hali kadhalika na megapikseli 48. Vihisi vingi vya aina hiyo vimepangwa pikseli nne nne chini ya chujio moja la rangi, na kwa matumizi ya kawaida kamera inaunganisha hizo nne kuwa moja na kukupa picha ya megapikseli 12. Mchana wa jua kali ukiwasha 48 utapata nafuu kidogo ya undani. Jioni, au chini ya mawingu mazito, faida hiyo inapotea.

Na video? Picha moja ya video ya 4K ina pikseli 3,840 kwa upana, pungufu ya picha ya mnato. Ile video ya kawaida ya HD ina 1,920, nusu yake. Kwa ushahidi wa namba, lakiri au uharibifu, piga picha za mnato. Video itumike kuonyesha mwendo: jinsi mzigo ulivyopakuliwa, foleni ilivyokuwa, lori lilivyogeuzwa.

Kihisi kikubwa na kazi ya alfajiri

Kihisi ni kile kibao kidogo ndani ya kamera kinachopokea mwanga. Ukubwa wake huandikwa kwa inchi kwa namna inayochanganya watu, kwa hiyo tuweke kwa milimita. Kihisi cha inchi 1/2.3, kilichomo katika droni ndogo za bei nafuu kama DJI Mini 2 ya mwaka 2020, kina upana wa milimita 6 na ushei. Cha inchi 1 kina milimita 13.2. Cha inchi 4/3, kama kilichomo katika DJI Mavic 3 ya Novemba 2021, kina upana wa milimita 17.3, na eneo lake ni karibu mara 8 ya kile cha kwanza. Katikati kuna cha inchi 1/1.3, ambacho siku hizi kimeingia hata kwenye droni za chini ya gramu 250.

Mchana saa sita wala hutaona tofauti kubwa. Tofauti inakuja alfajiri wakati malori yanatoka yadi, au jioni chini ya taa. Kihisi kidogo kikikosa mwanga kinajaza picha chengachenga kama redio isiyoshika masafa, na programu ya kamera ikijaribu kuzifuta inafuta pamoja na maandishi. Kama kazi yako yote ni ya mchana, usilipe pesa za kihisi cha 4/3. Kama malori yako yanapakia usiku, lipa.

Jambo moja dogo ambalo wengi hawalijui. Umeme wa Afrika Mashariki ni wa hezi 50. Taa nyingi za maghala na yadi zinapepesa kwa kufuata umeme huo bila jicho kuona. Ukirekodi video kwa picha 30 kwa sekunde, kama droni nyingi zinavyokuja zimepangwa kutoka dukani, utapata michirizi inayopanda na kushuka kwenye video. Weka picha 25 kwa sekunde na muda wa kufunguka wa 1/50. Michirizi itaondoka au itapungua sana.

Mchana tatizo linageuka: jua la kwetu ni kali mno kwa muda huo wa 1/50. Lenzi ya tundu la f/2.8 isiyobadilika, juani, inataka kiasi cha 1/3200. Video itaonekana ya kukatakata. Dawa yake ni vioo vyeusi vya kufunika lenzi, na kwa hesabu hiyo utahitaji kile kilichoandikwa ND64. Kwa picha za mnato vivue. Hapo muda mfupi ndio unaotaka.

Kupima marundo ya mzigo

Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea, kwa hiyo tutakaa kidogo. Wauzaji wa makaa ya mawe, klinka, mchanga na nafaka iliyomwagwa wameanza kupima marundo kwa droni. Droni inapita juu kwa mistari, inapiga picha zinazoingiliana kwa asilimia 75 hadi 80, na programu inajenga umbo la rundo na kutoa mita za ujazo.

Chukua rundo la makaa ya mawe lililokaa juu ya eneo la mita za mraba 2,000, mfano wa yale yanayosubiri malori kutoka Ruvuma. Kipimo kikikosea sentimeta 10 tu kwenda juu au chini kwa wastani, umekosea mita za ujazo 200. Kwa makaa yenye uzito wa tani 0.85 kwa mita ya ujazo hiyo ni tani 170, sawa na malori 6 ya tani 28. Mtu mmoja kati ya muuzaji na mnunuzi amelipa malori hayo.

Makosa hayo yanaanzia wapi? Mara nyingi kwenye shata, yaani kile kinachoamua picha inachukuliwa kwa muda gani na kwa namna gani. Droni nyingi zina shata ya kielektroniki inayosoma kihisi mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini. Ikiwa usomaji huo unachukua sekunde 1/30 na droni inakwenda mita 10 kwa sekunde, basi kati ya mstari wa kwanza na wa mwisho droni imesogea sentimeta 33. Picha imepinda bila wewe kuona. Programu nyingine hujaribu kunyoosha, na zinafanikiwa kiasi.

Shata ya kimakanika inafunga na kufungua mara moja, hivyo picha haipindi. DJI Phantom 4 Pro ya mwaka 2016 ilikuwa nayo, ikiwa na kihisi cha inchi 1, na ndiyo maana hadi leo wapima ardhi wanaitafuta iliyotumika. Mavic 3 Enterprise ya mwaka 2022 inayo pia. Mavic 3 ya kawaida haina, ingawa kwa macho zinafanana na kihisi ni cha ukubwa uleule. Muuzaji asiyejua atakwambia ni kitu kimoja.

Kama droni yako haina shata hiyo na kazi lazima ifanyike, punguza mwendo hadi mita 3 kwa sekunde au simama kila unapopiga. Na kwa kamera yoyote ile, tandaza utepe wa mita 10 kando ya rundo kabla ya kuruka. Umbo likitoka, pima utepe huo ndani ya programu. Ukisoma mita 9.7, usitie saini.

Gimbali, yaani mkono unaoishika kamera isitikisike, iwe ya mihimili mitatu. Zenye mihimili miwili zinaacha kamera iyumbe kushoto na kulia upepo ukivuma, na yadi zetu nyingi ziko mahali pa wazi.

Kamera ya joto

Inafaa kwa wachache: wenye maghala ya pamba au makaa ya mawe wanaoogopa moto wa chini kwa chini, na wenye malori mengi wanaotaka kuona breki au tairi iliyochemka. Picha yake ni ndogo. Ile ya Mavic 3 ya aina ya joto ina pikseli 640 kwa 512 tu, kwa hiyo haisomi namba yoyote. Bei iko juu, na tangu Septemba 2023 China imeweka leseni kwa kuuza nje baadhi ya kamera hizi, hivyo agizo linaweza kuchelewa. Asiye na sababu maalumu aiache.

Picha kama ushahidi

Kamera karibu zote za droni huandika ndani ya faili tarehe, saa na mahali picha ilipopigwa. Hiyo ni mali. Kabla ya safari ya kwanza hakikisha saa ya kifaa ni ya Afrika Mashariki. Tumekwisha kuona picha ya mzigo uliopakuliwa saa nne asubuhi ikionyesha usiku wa siku nyingine, kwa sababu saa ilibaki ya nchi ilikonunuliwa, na wakili wa upande wa pili hakuhitaji hoja nyingine.

Usiitume picha ya ushahidi kwa WhatsApp kama picha. Inabanwa, na yale maelezo ya mahali yanafutwa. Itume kama hati, au kwa barua pepe, na faili ya asili ibaki kwenye kadi bila kuguswa. Kadi yenyewe iwe na alama V30 au zaidi. Video ya megabiti 100 kwa sekunde inakula gigabaiti 45 kwa saa, na kadi ya bei rahisi ya mtaani hukata video katikati.

Kumbuka pia kwamba madereva, utingo na watu wa jirani wanaingia kwenye picha zako. Kenya na Uganda zina sheria za kulinda taarifa binafsi tangu 2019, Rwanda tangu 2021 na Tanzania tangu 2022. Waambie watu wa yadi kwamba mnapiga picha na ni kwa kazi gani.

Mpakani

Hapa kamera na karatasi vinakutana, kwa sababu kamera kubwa ina maana ya droni nzito.

Kwanza kibali. Droni haivushwi kama simu. Nchini Kenya kanuni za mwaka 2020 zinataka idhini ya KCAA kabla ya kuingiza. Tanzania inaongozwa na kanuni za mwaka 2018 chini ya TCAA, na Wizara ya Ulinzi nayo inahusika. Uganda vilevile, mbali na mamlaka ya anga, vyombo vya ulinzi vinaulizwa. Rwanda ni RCAA. Kibali cha nchi moja hakisomeki nchi ya pili. Hakuna kibali kimoja cha Jumuiya. Anayefika Namanga, Busia au Rusumo na droni begani bila karatasi, hata kama ni yake ya miaka mitatu, ataiacha hapo.

Utasikia madukani, Dubai hasa, kwamba ya gramu 249 haihitaji kibali. Kauli hiyo imetoka Marekani, ambako anayerusha kwa burudani droni ya chini ya gramu 250 hasajili. Hukohuko Marekani, anayeirusha kwa biashara anasajili hata iwe gramu 100. Wewe ni mtu wa biashara, na hauko Marekani. Andikia mamlaka ya anga ya nchi unayokwenda, taja modeli, uzito na namba ya kifaa, na subiri jibu la maandishi kabla ya kulipa dukani.

Pili forodha. Kabla ya 2022 droni zenye kamera zilikuwa zikiingizwa chini ya namba ya HS ya kamera, 8525. Toleo la HS la 2022, ambalo ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki umelifuata tangu Julai 2022, limezipa kichwa chake: 8806. Ndani yake zile zinazoongozwa kwa rimoti pekee zimegawanywa kwa uzito wa juu wa kurukia: hadi gramu 250 ni 8806.21, zaidi ya hapo hadi kilo 7 ni 8806.22, na kuendelea. Uzito huo ni pamoja na betri na vifaa. Mini 4 Pro ni gramu 249 kwa betri ya kawaida, lakini kwa betri yake kubwa inafika karibu 290. Wakala anayeandika bado kamera, au midoli ili kupunguza maswali, anakutafutia kesi. Tamko la uongo linaweza kukupotezea kifaa na kukuongezea faini.

Kama unavuka kwa kazi ya siku chache na utarudi nayo, muulize wakala kuhusu uingizaji wa muda chini ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya 2004. Namba ya kifaa, ya rimoti na za betri ziandikwe zote kwenye fomu. Ukitoka na betri tatu wakati fomu inasema nne, maswali yanaanza upya.

Tatu, mahali pa kurushia. Foleni ya Tunduma inavutia sana ukiwa na droni, tunaelewa. Lakini kituo cha mpaka ni eneo la usalama, na droni iliyovuka mstari imeingia anga ya nchi nyingine. Mkataba wa Chicago wa 1944, ibara ya 8, unakataza ndege isiyo na rubani kuruka juu ya nchi mwanachama bila idhini maalumu ya nchi hiyo. Upepo ukiisukuma mita 200 upande wa pili, hutakwenda kuiokota kwa mazungumzo. Na ndani ya nchi, kikomo cha kimo katika nchi nyingi ni futi 400, kama mita 120. Kwa kazi tulizozitaja hutafika hata nusu yake.

Anayesafiri kwa ndege ya abiria aweke betri za akiba kwenye mkoba wa mkononi, kamwe si kwenye begi la chini. Chini ya saa-wati 100 kila moja kwa kawaida hazina shida. Betri ya Phantom 4 Pro, kwa mfano, ni 89.2.

Ukinunua iliyotumika

Kariakoo na Nairobi zinauzwa nyingi. Usiikubali mpaka mwenye nayo aitoe kwenye akaunti yake mbele yako na wewe uifungulie akaunti yako palepale. Ikibaki imefungwa kwa jina lake, rimoti mpya na matengenezo yote yatakusumbua. Dai kibali chake cha kuingizia na risiti ya forodha, kwa sababu atakayeulizwa baadaye ni wewe. Washa gimbali na uiangalie ikijipanga: ikitetemeka au ikilala upande, iliwahi kuanguka. Piga picha ya ukuta mweupe na uikuze uone kama kuna doa linalorudi mahali palepale. Hilo ni vumbi juu ya kihisi, nalo halifutwi kwa kitambaa. Halafu andika namba moja ya kontena kwenye boksi kwa herufi za sentimeta 10, iweke chini, na kama muuzaji anacho kibali cha kurusha mahali hapo apande mita 20, apige, ashuke. Kama hana, bandika boksi ukutani, rudi nyuma mita 20 ukiwa umeishika droni mkononi, na upige. Soma namba hiyo kwenye kompyuta, usiisomee kwenye simu yake.